Namna ya kuendesha skripti ya klasi na obijekti kama deimoni kwenye Linux

Mwongozo huu unamlenga mtu ambaye tayari ana skripti ya Python iliyoandikwa kwa klasi na obijekti, inayofanya kazi vizuri anapoiwasha kwa mkono wake kwenye terminali, na ambaye sasa anataka iendelee na kazi hiyo chinichini kwenye seva bila yeye kuwapo. Mchakato wa namna hiyo, usiofungwa na terminali yoyote wala usiomsubiri mtu aubonyezee kitufe, huitwa deimoni. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1963 na wahandisi wa Project MAC katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambao walilichukua kutoka kwa kiumbe cha kufikirika cha mwanafizikia James Clerk Maxwell, yule anayezichambua molekuli bila kuchoka. Kwa hiyo msomaji asitafute pepo ndani yake.

Mfano tutakaoutumia ni wa duka lenye matawi kadhaa. Kila tawi hutuma kwenye seva ya ofisi kuu faili la CSV la mauzo ya siku, lenye safu tatu zisizo na kichwa: tawi, bidhaa na kiasi. Skripti hulisoma faili hilo, huiingiza mistari yake kwenye hifadhidata ya SQLite, kisha hulihamishia kwenye saraka nyingine. Hatua zote ni za Debian na Ubuntu, mifumo ambayo tangu matoleo yao ya mwaka 2015 huendesha huduma zake kwa systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo.

Kabla ya yote: je, ni deimoni unayoihitaji?

Kama kazi yako hufanyika mara moja kwa siku au mara moja kwa saa, usiandike deimoni. Iache skripti ianze, imalize na ife, na uipangie muda kwa cron, kipanga ratiba cha Linux, au kwa taima ya systemd. Mchakato unaoishi dakika moja hauna nafasi ya kuvuja kumbukumbu wala kushikilia muunganisho uliokwisha kufa. Deimoni inastahili pale tu ambapo kazi inaweza kufika wakati wowote na inatakiwa kushughulikiwa ndani ya sekunde chache, au pale ambapo kuandaa obijekti kunachukua muda mrefu kiasi kwamba ni hasara kurudia maandalizi hayo kila mara.

Hatua ya 1: Acha kuifanya klasi ijigeuze yenyewe kuwa deimoni

Wengi huanza kwa kuandika amri ya skripti, wakatanguliza nohup mbele yake na kuweka alama ya & mwishoni. Nami nilianza hivyo hivyo. Skripti yangu ya kwanza ya aina hii ilikaa wiki kadhaa bila tatizo, hadi umeme ulipokatika ofisini usiku. Seva ikarudi, skripti haikurudi, na ilichukua siku nne kabla ya mtu kuuliza kwa nini ripoti hazibadiliki. Kazi ya nohup ni kuufanya mchakato uipuuze ishara ya SIGHUP inayotolewa terminali inapofungwa, pamoja na kuyahifadhi maandishi yake kwenye faili. Haiuwashi upya mchakato uliokufa, wala haijui kwamba seva imezimwa na kuwashwa.

Wengine huenda mbali zaidi na kuandika klasi mama yenye jina kama Deimoni, ambayo ndani yake mchakato hujigawa mara mbili kwa fork, huanzisha kikao kipya kwa setsid, huhamia kwenye saraka ya mzizi, hubadilisha umask (ruhusa za mafaili mapya), huelekeza njia tatu za ingizo na tokeo kwenye /dev/null (shimo linalomeza kila kitu), kisha huandika namba yake kwenye faili la PID. Hiyo ndiyo desturi ya Unix ya miaka mingi, na mwaka 2009 lilitolewa pendekezo namba 3143 la kuiingiza katika maktaba sanifu ya Python, ambalo liliahirishwa. Ushauri wangu ni kuiacha. Faili la PID hubaki baada ya mchakato kuuawa, na kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaweza kuipa namba ile ile mchakato mwingine kabisa, hivyo amri yako ya kusimamisha ikaua kisichohusika. Aidha, obijekti iliyofungua hifadhidata ya SQLite kabla ya kujigawa haitakiwi kuutumia muunganisho huo upande wa pili, kosa ambalo ni rahisi kulifanya na gumu kulibaini.

Kazi zote hizo systemd huzifanya vizuri zaidi kutoka nje. Klasi yako ibaki na mambo matatu tu ya kuyajua: kuanza, kufanya kazi, na kusimama inapoambiwa isimame.

Hatua ya 2: Andika klasi inayojua kusimama

Hifadhi msimbo ufuatao kama /opt/mpokeaji/mpokeaji.py.

```python
import csv
import logging
import signal
import sqlite3
import time
from contextlib import closing
from pathlib import Path


class Mpokeaji:
    def __init__(self, mzizi, pumziko=10):
        self.mzizi = Path(mzizi)
        self.mpya = self.mzizi / "mpya"
        self.tayari = self.mzizi / "tayari"
        self.mbovu = self.mzizi / "mbovu"
        self.pumziko = pumziko
        self.endelea = True

    def pokea_ishara(self, namba, fremu):
        self.endelea = False

    def endesha(self):
        signal.signal(signal.SIGTERM, self.pokea_ishara)
        signal.signal(signal.SIGINT, self.pokea_ishara)
        for saraka in (self.mpya, self.tayari, self.mbovu):
            saraka.mkdir(exist_ok=True)
        with closing(sqlite3.connect(self.mzizi / "mauzo.db")) as self.db:
            self.db.execute(
                "CREATE TABLE IF NOT EXISTS mauzo "
                "(faili TEXT, tawi TEXT, bidhaa TEXT, kiasi INTEGER)"
            )
            logging.info("Mpokeaji ameanza")
            while self.endelea:
                self.kagua()
                self.pumzika()
        logging.info("Mpokeaji amesimama salama")

    def kagua(self):
        for faili in sorted(self.mpya.glob("*.csv")):
            if not self.endelea:
                return
            try:
                self.shughulikia(faili)
            except (ValueError, csv.Error):
                logging.exception("Faili bovu: %s", faili.name)
                faili.rename(self.mbovu / faili.name)

    def shughulikia(self, faili):
        with faili.open(newline="", encoding="utf-8") as f:
            mistari = [
                (faili.name, tawi, bidhaa, int(kiasi))
                for tawi, bidhaa, kiasi in csv.reader(f)
            ]
        with self.db:
            self.db.execute("DELETE FROM mauzo WHERE faili = ?", (faili.name,))
            self.db.executemany("INSERT INTO mauzo VALUES (?, ?, ?, ?)", mistari)
        faili.rename(self.tayari / faili.name)
        logging.info("%s: mistari %d", faili.name, len(mistari))

    def pumzika(self):
        for _ in range(self.pumziko):
            if not self.endelea:
                return
            time.sleep(1)


if __name__ == "__main__":
    logging.basicConfig(level=logging.INFO, format="%(levelname)s %(message)s")
    Mpokeaji("/var/lib/mpokeaji").endesha()
```

Sehemu nne za msimbo huu zinahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndizo zinazoitofautisha deimoni na skripti ya kawaida.

Ya kwanza ni ishara. Mfumo unapotaka kusimamisha huduma, huutumia mchakato SIGTERM, na Python isipoambiwa la kufanya huufisha mchakato papo hapo, hata kama uko katikati ya faili. Methodi pokea_ishara haifanyi lolote ila kugeuza alama moja ya obijekti. Faili lililokwisha kuanzwa humalizwa, kisha kitanzi hujifunga chenyewe. SIGINT, ambayo ndiyo ishara ya Ctrl+C, imepewa njia hiyo hiyo ili unapojaribu kwa mkono kwenye terminali uwe unajaribu msimbo ule ule utakaotumika kwenye seva.

Ya pili ni usingizi. Inashawishi kuandika time.sleep ya sekunde 10 mara moja badala ya kitanzi kile kinacholala sekunde moja moja. Lakini tangu Python 3.5, usingizi uliokatizwa na ishara huendelea hadi muda wake uishe, isipokuwa methodi ya ishara iwe imetupa hitilafu. Kwa pumziko la sekunde 10 utasubiri kidogo tu. Kwa pumziko la dakika 5, systemd ambayo kwa kawaida huvumilia sekunde 90 itachoka na kuua kwa SIGKILL, ishara ambayo hakuna programu inayoweza kuizuia.

Ya tatu, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni kwamba obijekti huishi ndani ya kumbukumbu ya mchakato na hufa pamoja nao. Chochote ambacho obijekti inakijua na diski haikijui kitapotea siku umeme utakapokatika. Ndiyo maana skripti hii haina orodha ya mafaili yaliyokwisha kusomwa. Mahali faili lilipo ndipo panapoeleza hali yake. Na kwa kuwa kifo kinaweza kutokea baada ya hifadhidata kuandikwa na kabla faili halijahamishwa, methodi shughulikia kwanza hufuta mistari yote ya faili hilo na kuiingiza upya ndani ya muamala mmoja, hivyo faili likisomwa mara mbili mauzo hayahesabiwi mara mbili. Sharti lake ni kwamba kila faili liwe na jina la pekee, kwa mfano jina la tawi likifuatwa na tarehe, maana mafaili mawili ya jina moja yatafutana.

Ya nne ni hitilafu zipi zinadakwa. Msimbo unadaka zile tu zinazotokana na yaliyomo kwenye faili: safu zilizopungua, kiasi kisicho namba, herufi zisizosomeka. Diski ikijaa au hifadhidata ikigoma kufunguka, mchakato hufa, na unatakiwa ufe. Deimoni inayodaka kila hitilafu na kuendelea kuzunguka huonekana hai kwenye orodha ya michakato huku haifanyi kitu, na hiyo ni hali mbaya kuliko kuanguka, kwa sababu aliyeanguka huonekana.

Upande wa matawi, faili litumwe kwanza kwa jina linaloishia na .sehemu, kisha libadilishwe jina liishie na .csv pale tu litakapokuwa limefika lote. Mabadiliko ya jina ndani ya mfumo mmoja wa mafaili hufanyika kwa mkupuo, ama yote au hakuna, kwa hiyo skripti haitakuta nusu ya faili hata mtandao wa tawi ukiwa wa kusuasua.

Hatua ya 3: Ipe deimoni mtumiaji wake

Usiiendeshe kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Tengeneza mtumiaji wa mfumo asiye na nyumba wala uwezo wa kuingia kwenye seva:

```
sudo useradd --system --no-create-home --shell /usr/sbin/nologin mpokeaji
```

Msimbo wenyewe uachwe kuwa mali ya root, ili mchakato usiweze kujihariri.

Hatua ya 4: Andika faili la huduma

Fungua faili jipya /etc/systemd/system/mpokeaji.service na uandike:

```
[Unit]
Description=Mpokeaji wa mafaili ya mauzo
StartLimitIntervalSec=300
StartLimitBurst=5

[Service]
Type=simple
User=mpokeaji
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/mpokeaji/mpokeaji.py
StateDirectory=mpokeaji
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
Restart=on-failure
RestartSec=10
NoNewPrivileges=true
ProtectSystem=strict
MemoryMax=200M

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

StateDirectory huitengeneza saraka /var/lib/mpokeaji na kumkabidhi mtumiaji wetu, na ProtectSystem=strict huufanya mfumo wote wa mafaili, isipokuwa saraka hiyo na nyingine chache za kerneli, usomeke tu bila kuandikika kwa mchakato huu. PYTHONUNBUFFERED inahitajika kama umetumia print mahali popote: Python isipokuwa mbele ya terminali hulimbikiza maandishi kwanza, na unaweza kukaa saa nzima ukidhani skripti imekwama kumbe ujumbe wake bado umo ndani ya bafa. Ujumbe wa logging hauna shida hiyo.

Mistari ya StartLimit inastahili maelezo kidogo. Kwa kawaida systemd hukata tamaa huduma ikianza mara 5 ndani ya sekunde 10. Lakini sisi tumeiambia isubiri sekunde 10 kabla ya kila uwashaji, kwa hiyo kikomo hicho kisingefikiwa kamwe, na skripti yenye kosa la herufi moja ingewaka na kuzimika mchana kutwa ikijaza logi. Kwa dirisha la sekunde 300, itajaribu mara tano kisha itatulia katika hali ya kushindwa, ambayo utaiondoa kwa amri ya systemctl reset-failed baada ya kurekebisha kosa.

Ikiwa unatumia mazingira pepe ya Python, andika njia kamili ya Python iliyomo ndani yake, kwa mfano /opt/mpokeaji/venv/bin/python. Hakuna haja ya kuyaamsha kwanza. Kumbuka pia kwamba systemd haisomi .bashrc yako na huanzishia huduma kwenye saraka ya mzizi, hivyo kila njia ya faili ndani ya msimbo iwe kamili. Sababu hizo mbili ndizo huzaa malalamiko mengi ya kwamba skripti inakubali kwenye terminali na inakataa kwenye huduma.

Hatua ya 5: Iwashe na uisome logi

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now mpokeaji
systemctl status mpokeaji
sudo journalctl -u mpokeaji -f
```

Neno enable ndilo linaloiunganisha huduma na uwakaji wa seva; bila hilo utarudi kwenye kisa changu cha siku nne. Baada ya uwashaji wa kwanza saraka ya mpya itakuwa imezaliwa, nawe utaikabidhi kwa kundi la akaunti ambazo matawi hutumia kutuma mafaili. Hapa kundi hilo linaitwa matawi:

```
sudo chgrp matawi /var/lib/mpokeaji/mpya
sudo chmod 2775 /var/lib/mpokeaji/mpya
```

Ukisoma logi, angalia kwanza seva inafuata saa za wapi. Seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, hivyo tukio la saa tisa usiku kwa saa zetu litaandikwa 00:00. Amri ya timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, au Africa/Nairobi kwa walioko Kenya, huondoa mkanganyiko huo.

Hatua ya 6: Iue kwa makusudi

Hatua hii hurukwa na wengi, nami siihesabu deimoni yoyote kuwa imekamilika kabla ya kuipitia. Anza kwa kusimamisha kistaarabu kwa systemctl stop mpokeaji. Logi ionyeshe maneno ya kusimama salama ndani ya sekunde moja au mbili. Iwashe tena, kisha iue kikatili:

```
sudo systemctl kill -s SIGKILL mpokeaji
```

Baada ya sekunde 10 inatakiwa iwe imerudi yenyewe ikiwa na namba mpya ya mchakato. Tupia faili lenye safu mbili badala ya tatu na uhakikishe linaishia kwenye saraka ya mbovu bila kuiangusha huduma. Kisha chukua faili moja kutoka tayari, lirudishe kwenye mpya, na uhesabu mistari ya hifadhidata kabla na baada, idadi isibadilike. Mwisho kabisa washa upya seva nzima kwa sudo reboot, usiguse kitu, na uangalie kama mafaili yanaendelea kusomwa.

Hatua ya 7: Baada ya wiki ya tatu

Obijekti ya skripti ya kawaida huishi sekunde chache, lakini hii yetu itaishi miezi, na makosa madogo ya usanifu hupata muda wa kukua. La kawaida kuliko yote ni orodha au kamusi iliyowekwa kama sifa ya obijekti, ambayo kila mzunguko huiongezea kitu na hakuna mahali panapoipunguza. Kiasi cha kumbukumbu kinachotumika huonyeshwa na systemctl status. Kiandike kila Jumatatu kwa wiki chache, na kikipanda bila kushuka, tafuta orodha hiyo. MemoryMax tuliyoiweka itaua mchakato kabla haujaiburuta seva nzima, lakini hiyo ni kinga, si tiba.

Tatizo lingine ni mchakato ulio hai lakini umekwama, kwa mfano ukisubiri jibu la mtandao lisilokuja. Restart=on-failure haioni hali hiyo, kwa kuwa hakuna kilichokufa. Mfano wetu hauzungumzi na mtandao, ila ukiongeza methodi inayotuma taarifa kwenye seva nyingine, iwekee kikomo cha muda kila mwito, au tumia WatchdogSec ya systemd, ambapo obijekti hutakiwa kutoa taarifa ya uhai kila baada ya muda uliopangwa na ikinyamaza huuawa na kuwashwa upya.

Unapobadilisha msimbo, mchakato unaokimbia hauna habari. Unaendelea na klasi ile ya zamani iliyokwisha kupakiwa kwenye kumbukumbu hadi utoe amri ya sudo systemctl restart mpokeaji. Ukibadilisha faili la huduma, tanguliza daemon-reload.